Faili Ikigeuka Sura Njiani, Usiitupe: Kagua Kifungashio Kwanza

Msafiri yeyote wa barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru anaifahamu Kikopey. Ukishaupita mji wa Gilgil, kabla ya kulifikia Ziwa Elementaita, moshi wa nyama choma hukukaribisha hata kabla hujaviona vibanda vyenyewe. Magari husimama, watu hula wakashiba, na wengi hawaondoki mikono mitupu. Huagiza kilo moja au mbili za mbuzi, wafungiwe wapelekee jamaa zao mjini.

Hebu tukifuate kifurushi hicho, msomaji mpenzi. Nyama imefungwa kwa karatasi, karatasi ikatiwa mfukoni, mfuko nao ukapigwa fundo. Anayekipokea kule Nairobi haoni nyama, anaona kifurushi. Akiambiwa kuwa ni nyama, atatafuta kisu, ubao na chumvi. Lakini kama mfuko umeandikwa jina la sabuni na hakuna aliyemweleza, huenda akausukuma kando ya karai la kufulia. Nyama haijaoza. Kilichompoteza ni maandishi ya mfuko.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo kwa faili zinazosafiri ndani ya barua-pepe za maofisini. Mtu hutuma barua safi aliyoiandika kwa Word, mwenzake akapokea kitu chenye jina la ajabu. Mwingine hutuma picha, ikafika haifunguki. Wa tatu hutuma fomu, ikafika ikiitwa zip. Mara nyingi faili yenyewe ni nzima kabisa. Kilichobadilika ni kifungashio chake au lebo iliyobandikwa juu yake.

Usidhani hili ni jambo dogo la kuwaachia mafundi. Chukua mfano wa msichana wa Kikopey aliyemaliza masomo ya uhasibu, akaomba kazi katika ofisi moja mjini Nakuru. Ofisi inamjibu siku ya Jumatano kwa barua-pepe: jaza fomu tuliyoambatisha, uirudishe kabla ya saa kumi na moja jioni siku ya Ijumaa. Anaifungua barua hiyo kwenye simu yake, na badala ya fomu anakuta kitu kiitwacho winmail.dat. Anakibofya, simu inakataa. Anamwuliza jirani, naye anamwambia hivyo ni virusi, futa upesi. Akifuta, kazi imekwenda. Na ile ofisi, isipoiona fomu, itasema kijana huyu hakuwa na haja ya kazi. Hakuna mwenye hila hapo, wala hakuna mzembe. Ni kifungashio tu kilichowakosanisha.

BARUA ILIYOJUA HERUFI TU

Ili uelewe kwa nini mambo haya hutokea, ni vizuri tuanze mwanzo. Kanuni za kusafirisha barua-pepe, ziitwazo SMTP, zilichapishwa mwaka 1982, na msingi wake ungali unatumika. Wakati huo barua ilikuwa maandishi matupu, tena kwa herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache, jumla yake 128 tu. Picha, sauti au jedwali la hesabu havikuwa na nafasi. Aliyetaka kutuma faili alilazimika kuigeuza kwanza iwe maandishi kwa programu kama uuencode, iliyotungwa na Mary Ann Horton mwaka 1980, na mpokeaji naye airudishe katika hali yake ya kwanza. Asiyekuwa na programu hiyo alipokea kurasa za herufi zisizosomeka.

Hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika yasiyo ya serikali jijini Nairobi yalituma barua-pepe kupitia kituo cha shirika la ELCI kwa utaratibu wa Fidonet. Kompyuta zilipigiana simu kwa laini za kawaida, zikabadilishana mafurushi ya barua, kisha zikakata. Mradi wa ESANET nao uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Kwa laini kama hizo, kutuma faili nzito ilikuwa anasa.

Nafuu ilipatikana mwaka 1992, pale Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa kanuni ziitwazo MIME. Kanuni hizi ndizo karatasi na mfuko wa kifurushi chetu. Hufanya mambo mawili. Kwanza, huigeuza faili kuwa herufi za kawaida ili ipite katika njia ile ile ya barua. Kila baiti tatu huwa herufi nne. Pili, hubandika lebo inayosema: humu ndani mna hati ya PDF, au picha, au jedwali, na jina lake ni hili. Kompyuta ya mpokeaji huisoma lebo, ikafungua, ikakuonyesha faili kama ilivyokuwa. Ama kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kutokana na hesabu hiyo ya tatu kwa nne, kumbuka jambo moja. Faili huongezeka uzito njiani kwa kiasi cha theluthi moja. Faili ya megabaiti 9 husafiri ikiwa na megabaiti 12. Ikiwa ofisi unayoiandikia hukataa barua inayozidi megabaiti 10, yako itarudishwa ingawa machoni pako haijafika kiwango hicho.

Sasa tuyatazame mageuzi yanayowasumbua watu zaidi, na dawa ya kila moja.

WINMAIL.DAT SI VIRUSI

Hili ndilo lililompata msichana wetu wa mfano. Programu ya Outlook ya Microsoft ina mtindo wake wa kuandika barua uitwao Rich Text. Barua ikiandikwa kwa mtindo huo, Outlook huweza kuyakusanya mapambo yote pamoja na viambatisho vyote ndani ya kasha moja, ambalo ni winmail.dat. Mpokeaji mwenye Outlook hulifungua kasha hilo bila hata kujua kwamba lipo. Mwenye programu nyingine huenda akaliona kasha tu, na fomu imefungiwa humo.

Dawa bora iko kwa mtumaji. Katika Outlook ya kawaida ya Windows, bofya File, kisha Options, kisha Mail. Mahali panapouliza barua ziandikwe kwa mtindo gani, chagua HTML. Teremka chini hadi mahali panapotaja barua za Rich Text zinazokwenda nje kwa njia ya intaneti, uchague zigeuzwe kuwa HTML. Tatizo likiendelea kwa mpokeaji mmoja tu, futa anwani yake katika orodha inayojitokeza unapoanza kuandika jina, kisha uiandike upya. Na kama ofisi nzima inatuma makasha haya, basi mwenye kusimamia mfumo wa barua anaweza kuyazuia kwa mpigo mmoja kwa barua zote zinazotoka nje.

Na wewe mpokeaji? Usifute. Kama mtumaji unamfahamu na barua uliitarajia, mjibu kwa adabu: kiambatisho chenu kimefika kama winmail.dat, tafadhali kitumeni tena kwa HTML, au kama PDF. Sentensi moja kama hiyo ingemwokolea msichana wetu kazi yake.

MKIA WA JINA LA FAILI

Kila faili ina jina lenye mkia: .pdf, .docx, .jpg, .xlsx. Windows huutazama mkia huo ili kujua ni programu gani iitwe. Mkia ukikatika au ukibadilishwa, kompyuta hubaki imeduwaa. Hutokea pia kwamba mfumo wa mtumaji hauitambui aina ya faili, nao hubandika lebo ya jumla isiyosema kitu. Hapo mpokeaji hupata faili yenye mkia wa .bin au .dat, au isiyo na mkia kabisa.

Balaa huongezeka kwa sababu Windows, isipoelekezwa vingine, huificha mikia inayoifahamu. Mwezi wa Mei mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa ujanja huo huo. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT wakadhani ni barua ya mapenzi ya maandishi matupu, kumbe mkia halisi ulikuwa .vbs, yaani programu ya kutekelezwa. Kwa hiyo ioneshe mikia kwenye kompyuta yako leo. Fungua folda yoyote, bofya View, na katika Windows 11 uendelee hadi Show, kisha utie alama kwenye File name extensions.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Kubadili mkia si kubadili faili. Ukiandika SABUNI juu ya mfuko wa nyama, hutafulia nguo. Kubadili mkia husaidia tu pale ambapo ule wa kweli ulipotea njiani na wewe unaurudisha.

DOC, DOCX NA ZIP

Mpaka Office ya mwaka 2003, hati za Word zilikuwa na mkia wa .doc. Office ya 2007 ilileta .docx. Faili ya .docx kwa hakika ni mfuko wa zip wenye faili ndogo ndogo ndani yake: maandishi upande huu, picha upande ule, mapambo kwingine. Ndiyo maana mifumo ya zamani, isiyoijua .docx, iliuchungulia mfuko huo ikatangaza kuwa ni zip, na hati ikafika na mkia wa .zip. Wapokeaji waliifungua wakakuta folda tupu za majina ya ajabu, wakalalamika kwamba mwandishi amewatumia takataka.

Ukipata zip uliyoitarajia kuwa hati, na ukaona folda iitwayo word ndani yake, usianze kuichambua. Irudishe ilivyokuwa, badilisha .zip iwe .docx, kisha ufungue. Ukiona folda iitwayo xl, basi hilo ni jedwali la Excel, nalo mkia wake ni .xlsx.

Kuna pia hati inayofunguka lakini imevurugika: mistari imehama, jedwali limepasuka, kurasa mbili zimekuwa tatu. Hapo lebo haina kosa. Kompyuta ya pili haina fonti uliyoitumia, au inatumia toleo jingine la Word au programu nyingine kama LibreOffice. Hati ya kusomwa tu, mfano wasifu wa mwombaji kazi au ankara, itume kama PDF. Aina hii ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na ikawa kanuni ya kimataifa mwaka 2008. Kazi yake hasa ni kuhakikisha ukurasa unaonekana vilevile kila mahali.

PICHA ZA SIMU

Tangu mwaka 2017, simu za iPhone zimeweza kuhifadhi picha kwa aina iitwayo HEIC, ambayo hubana nafasi kuliko JPG. Ni jambo zuri kwa mwenye simu. Lakini picha ya kitambulisho ikifika ofisini kama HEIC kwenye kompyuta ya zamani, karani haoni kitu. Mwenye simu hiyo aende kwenye Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague Most Compatible, na picha atakazopiga tangu hapo zitakuwa JPG. Zile za zamani zinahitaji kugeuzwa kwa programu. Kuziandikia tu .jpg mwishoni hakutafaa.

Wapo pia wanaoipiga picha ya cheti, wakaituma kwanza kwa WhatsApp, wakaipakua, kisha wakaiambatisha kwenye barua-pepe. WhatsApp huibana picha, na mihuri na maandishi madogo hufifia. Ikiwa ni lazima upitie huko, itume kama hati, si kama picha.

WALINZI WA LANGO

Mara nyingine faili haikugeuka kwa bahati mbaya. Imezuiwa makusudi. Gmail, kwa mfano, haikubali faili za .exe hata ukizificha ndani ya zip. Mifumo ya maofisi mengi huondoa kiambatisho inachokishuku, ikaweka mahali pake karatasi ndogo ya maandishi inayosema kimeondolewa. Ukiona faili ya .txt uliyokuwa huitarajii, isome kabla ya kumlaumu mtumaji.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni makro, yaani maagizo yaliyofichwa ndani ya faili ya Excel au Word ili yafanye kazi yenyewe. Wanaojaza ritani za kodi kwa fomu ya Excel ya KRA wanazijua. Fomu hiyo hutegemea makro kukagua hesabu na kutoa zip ya kupakia kwenye iTax. Kuanzia mwaka 2022, Microsoft ilianza kuzizuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, kwa kuwa wahalifu wamezitumia kwa miaka mingi. Basi fomu ikishatumwa kwa barua-pepe baina ya mhasibu na mteja, hufunguka vizuri lakini vitufe vyake vimekufa. Si kwamba imeharibika, imewekewa alama ya kigeni. Ukiwa na hakika kabisa ya ilikotoka, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Unblock. Afadhali zaidi, mwambie kila mtu aipakue mwenyewe kutoka kwenye tovuti ya KRA. Makro kutoka kwa mtu usiyemjua, usiziruhusu kamwe.

UCHUNGUZI WA DAKIKA KUMI

Faili ikikushinda, fuata utaratibu huu bila papara.

Kwanza, jiulize: je, niliitarajia, na anwani ya mtumaji ni yake kweli? Kama sivyo, acha papo hapo.

Pili, tazama mkia na uzito. Faili ya baiti sifuri, au ndogo mno kuliko inavyostahili, ilikatika njiani na haina budi kutumwa upya.

Tatu, ihifadhi kwenye kompyuta, kisha uifungue kwa Notepad, programu ya maandishi iliyomo katika kila Windows. Utaona takataka nyingi, lakini herufi za mwanzo husema kweli hata lebo inapodanganya. Ukiona %PDF, hiyo ni hati ya PDF. Ukiona PK, hiyo ni zip au mojawapo ya jamaa zake, .docx na .xlsx, herufi hizo ni za Phil Katz, aliyetunga zip mwaka 1989. Neno PNG huonyesha picha ya aina hiyo, na ftypheic huonyesha picha ya iPhone. Funga bila kuhifadhi chochote, kisha urudishe mkia unaostahili.

Nne, jaribu kompyuta au simu nyingine. Ikifunguka huko, kasoro iko kwenye chombo chako, si kwa mtumaji.

Tano, kama bado, mwombe mtumaji aitume tena, na umweleze umeona nini hasa. "Haifunguki" haimsaidii. "Imefika ikiitwa hivi, ina uzito huu" humsaidia.

Usikimbilie tovuti za kugeuza faili bure. Ukipakia humo fomu yenye kitambulisho, namba ya KRA na anwani, umemkabidhi mgeni siri zako, au za mwenzako. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na ofisi inayopeleka hati za watu ovyo inaweza kuulizwa. Word yenyewe huhifadhi hati kama PDF; huhitaji mtu mwingine.

MWENYE KUTUMA NDIYE MWENYE JUKUMU

Wewe mwanafunzi unayetafuta kazi au nafasi ya masomo, usingoje jioni ya mwisho. Soma tangazo: wakitaka PDF, tuma PDF, wakitaka hati ya kujazwa, tuma.docx. Ipe faili jina fupi lenye jina lako, lisilo na alama za ajabu. Kisha jitumie nakala kwenye anwani yako nyingine, au kwa ndugu, uifungue kwenye simu. Ukituma kiungo cha hati iliyo kwenye Google badala ya hati yenyewe, hakikisha umempa mpokeaji ruhusa ya kuiona, la sivyo atakutana na mlango uliofungwa, nawe umelala ukidhani umefika. Ukiwa saiba, usiondoke kabla ya kuitazama folda ya barua zilizotumwa na kukibofya kiambatisho chako humo.

Nanyi mlio maofisini, kumbukeni kwamba anayepokea fomu yenu huenda hana kompyuta nyumbani. Simu ndiyo ofisi yake, na nauli ya kwenda saiba ya Gilgil huitoa mfukoni mwake. Wekeni mambo muhimu ndani ya barua yenyewe: siku, saa, mahali, karatasi zinazohitajika. Andikeni pia namba ya simu ya mtu atakayeijibu. Aliyepokea winmail.dat siku ya Jumatano akiwa na namba hiyo, ataipata fomu yake Alhamisi na kuirudisha kabla ya Ijumaa jioni.